Kibofu Kilichopatikana Safi

Tuseme daktari amekuambia kansa imeingia kwenye msuli wa kibofu cha mkojo. Unapewa kemo kwa miezi mitatu, nywele zinaisha, kisha kibofu kinatolewa chote. Tangu siku hiyo mkojo wako unapitia tundu la tumboni hadi kwenye mfuko. Halafu majibu ya maabara yanakuja: kwenye kibofu kilichotolewa hakukuonekana hata chembe ya kansa.

Sasa, ulikatwa bure?

Si swali la kubuni. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulifuatilia wagonjwa takriban 300. Kati ya waliopewa kemo kabla ya upasuaji, asilimia 38 walipatikana na kibofu safi. Kwa waliokatwa bila kemo, asilimia 15. Na kati ya hao waliopatikana safi, asilimia 85 walikuwa hai miaka mitano baadaye.

Majuto ni mjukuu, tunaambiwa. Lakini methali hiyo inadhani kulikuwa na kosa. Hapa kosa liko wapi? Kamera inayopitishwa kwenye njia ya mkojo huona ukuta wa ndani tu, na hata skani hukosa vitu vidogo. Chembe zinaweza kujificha ndani ya msuli. Njia ya kujua kwa hakika kibofu ni safi ilikuwa kukitoa na kukikatakata. Uamuzi hupimwa kwa yale mtu angeweza kujua siku ile, si kwa karatasi iliyokuja baadaye. Hata hiyo asilimia 85 ni ya watu waliokatwa. Huwezi kuichukua ukaahidi nayo mtu aliyebaki na kibofu chake.

Wengine watasema ni kama helmeti ya bodaboda: ukifika salama, huilalamikii. Zi. Helmeti unaivua ukifika. Kibofu hakirudi.

Kwa hivyo mambo mawili ni kweli kwa pamoja: uamuzi ulikuwa sawa, na hasara ni hasara. Sisi tunapenda kuchagua moja. Tunamwambia mgonjwa "shukuru tu uko hai," ndio tusisikie lile la pili. Hiyo si faraja, ni kumnyamazisha. Anaweza kushukuru na bado akililie kibofu chake. Ukienda kumwona, mwachie nafasi ya yote mawili.