Jina la Mahali ni Amana

Mahali hupewa jina na waliotangulia, na waliofuatia hulirithi bila kuuliza. Ikiwa kilicholeta jina kimeondoka, je, sisi tuliobaki tuna haki ya kuliondoa na jina lenyewe?

Tuitazame Kurasini, kata ya Temeke iliyo kando ya bandari ya Dar es Salaam, ambayo jina lake sikioni mwa msomaji huleta kurasa. Ndani yake imo mitaa ya Mivinjeni na Shimo la Udongo. Majina haya hayana fumbo: la kwanza lashuhudia miti, la pili lashuhudia ardhi iliyochimbwa. Ni majina ya watu waliokuwa wakielekezana njia. Katika miaka ya 2010 baadhi ya wakazi wa Kurasini walihamishwa kupisha mradi wa kituo cha biashara. Katika fidia huthaminiwa ardhi, nyumba na mimea. Jina halimo hesabuni, kwani halina mmiliki mmoja.

Wako watakaosema kwamba majina hufa kama wafavyo watu, wala hapana aliyedhulumiwa. Mzizima ilimezwa na Dar es Salaam tangu Sultani Majid alipoanza kujenga mji wake katika miaka ya 1860, na maisha yakaendelea. Hoja hii ina uzito, lakini yaisahau Kariakoo. Baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916, wapagazi wa Carrier Corps walipiga kambi hapo. Maelfu ya wapagazi wa vita vile waliangamia kwa maradhi na uchovu. Kambi ilitoweka zamani, pakawa soko, nasi kila tuendapo kununua nazi twawataja pasi na kujua. Lau jina lingefutwa pamoja na kambi, ushahidi huo ungezikwa nayo.

Kwa hiyo jina si mali ya aliyepo. Ni amana mikononi mwake. Amana hii haiuzuii mji kukua. Bandari na ipanuliwe, maghala na yajengwe; yatosha kwamba barabara au kituo cha basi kiendelee kuitwa Shimo la Udongo. Jina huishi midomoni mwa watu, na waliolitamka wakishahamishwa, deni la kulitamka huwa la aliyewahamisha na la kila apitaye hapo.