Programu Haijawahi Kukanyaga Basotu

Mtoto wa Dongobesh anayeingia kidato cha kwanza anakuwa amebeba lugha tatu. Nyumbani amekua akisikia Kiiraqw. Kuanzia darasa la kwanza hadi la saba amefundishwa kwa Kiswahili. Akifika sekondari, Baiolojia, Jiografia na Fizikia zinamjia kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuna mtu kijijini kwake aliyewahi kumgombeza wala kumbembeleza kwayo. Mwenzake wa Katesh aliyelelewa kwa Kidatoga anapita njia hiyohiyo. Wengi wa watoto hawa si wazito wa kuelewa. Wanaanguka mtihani wa sayansi kwa sababu hawakulielewa swali, na mwalimu mwenye darasa lililojaa hana nafasi ya kumrudia kila mmoja.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama akili mnemba ina faida yoyote kwa watu wa Mbulu na Hanang, namfikiria kwanza mtoto huyu. Programu ya ChatGPT, iliyofunguliwa kwa umma Novemba 2022, na nyingine zilizoifuata, zinasoma na kuandika Kiswahili kwa kiwango kinachotosha kazi nyingi za shule. Tena zina jambo moja ambalo sisi wazazi hatuna jioni tukishatoka shambani: hazichoki kuulizwa. Mtoto anaweza kuuliza maana ya usanisinuru mara kumi bila mtu kumcheka. Watoto wetu wamelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, na malezi hayo yana heshima yake, lakini darasani ukimya huo unawagharimu. Nimewaona wakitikisa kichwa kukubali jambo ambalo macho yao yanasema hawajalielewa.

Njia ninayoipendekeza ni hii. Chukua aya moja ya kitabu cha Baiolojia, ipige picha au iandike kwenye simu, kisha uiambie programu: nieleze aya hii kwa Kiswahili cha mtoto wa miaka kumi na minne, nipe maneno magumu ya Kiingereza yaliyomo pamoja na maana zake, halafu niulize maswali matano kwa Kiingereza, moja baada ya jingine, na usinipe jibu mpaka nimejaribu mwenyewe. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote. Anayesema "niandikie insha" anaipata insha, naye anabaki vilevile alivyokuwa. Anayesema "niulize" analazimika kukumbuka, kutunga sentensi, kukosea na kurekebishwa, na hiyo ndiyo kazi ya kujifunza tangu zamani. Chumba cha mtihani wa taifa hakina simu. Mle ndani mtoto anaingia na kile tu kilichokwisha kukaa kichwani mwake.

Simu haziruhusiwi kwa wanafunzi shuleni, nami nauunga mkono utaratibu huo. Ninachosema kinahusu simu ya mzazi, jioni au wakati wa likizo, mzazi akiwa ameketi karibu. Hata mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kuuliza, "Amesema nini hapo? Hebu nieleze kwa Kiiraqw." Mtoto akiweza kulieleza somo kwa lugha ya mama yake, somo hilo limeingia.

Kwa walimu, kifaa chenyewe kipo tayari. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23, 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu vilikabidhiwa kwa walimu nchi nzima. Kishikwambi kinaweza kupunguza kazi ya karatasi inayowala walimu: azimio la kazi, andalio la somo, maswali ya majaribio ya kila wiki. Mwalimu akiiambia programu imtungie maswali ishirini ya kuzidisha sehemu, kumi mepesi na kumi yenye kufikirisha, atayapata kabla chai haijapoa. Lakini ayasome yote na kuyafanya yote kabla hajayaandika ubaoni, kwa maana programu hizi hukosea hesabu na huiandika hesabu iliyokosewa kwa mwandiko safi kabisa. Tena abadilishe mifano. Swali la abiria wa treni na swali la mvuvi wa pwani ayageuze yawe ya magunia ya vitunguu swaumu yanayopakiwa lori kwenda Arusha. Mtoto wa Mbulu anajua gunia linapakiwaje, na kuanzia hapo hesabu inamhusu.

Hapa inafaa kueleza programu hizi zinavyofanya kazi, maana ndipo tutakapojua wapi pa kuziamini. Zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, na zinajibu kwa kukisia neno lipi lifuate lililotangulia. Jambo lililoandikwa sana duniani zinalikisia vizuri. Jambo lililoandikwa kidogo zinalikisia vilevile, kwa sauti ileile ya uhakika. Kuhusu usanisinuru kuna vitabu visivyohesabika. Kuhusu namna wazee wa Kainam walivyoulinda udongo wa miteremko yao kwa vizazi vingi, au kuhusu majina ya mimea katika Kihadza cha bonde la Yaeda, kilichoandikwa ni kidogo. Ujuzi huo umo vichwani na mikononi mwa watu. Ukiiuliza programu habari hizo itakujibu tu, na jibu litapendeza, lakini huenda limetungwa kutokana na milima mingine na watu wengine.

Watu wa Hanang hawahitaji mtaalamu wa kompyuta kuja kuwaonya juu ya majibu mazuri yanayotoka mbali. Historia yao inatosha. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Tanzania kwa msaada wa Canada ilianzisha kilimo kikubwa cha ngano katika nyanda za Basotu. Yalikuja matrekta, mashine za kuvunia, mbegu, na wataalamu waliojifunza kazi yao kwenye nyanda za ngano za kwao. Mashamba yalikuwa chini ya shirika la umma la NAFCO, na ardhi iliyochukuliwa kwa miaka hiyo ilifikia takriban ekari laki moja. Ngano ilipatikana, na taifa lilikuwa na shida ya kweli ya mkate. Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Wabarabaig walikuwa wakiitumia kwa mzunguko, wakihamisha mifugo kufuata mvua na majani, na nyanda zilizolimwa zilikuwa miongoni mwa malisho yao bora. Ukiondoa kipande kimoja katika mzunguko wa namna hiyo, vipande vilivyobaki vinachungwa kupita kiasi na vyote vinachakaa. Hata makaburi ya wazee, bung'eda, ambayo kwa Wabarabaig ni mahali pa heshima kubwa, yalipitiwa na majembe ya trekta.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani kuhusu ardhi hiyo. Mahakama Kuu iliwasikiliza, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliipa NAFCO ushindi. Mtafiti Charles Lane baadaye aliandika kitabu kizima kuhusu malisho yale yaliyopotea.

Siamini kwamba wataalamu wale walikuwa watu wabaya. Walijua kulima ngano, na kwa swali la kupata ngano nyingi kwa mashine walikuwa na jibu lililofanya kazi. Swali la nani anaishi hapa, anaishije, na ardhi hii inampa nini kiangazi kikikaza halikupelekwa kwa watu waliokuwa na jibu lake. Nikiona leo kijana amepakua mpango mzima wa kilimo kutoka kwenye simu na kutaka kuutekeleza kama ulivyo kwenye shamba la baba yake, naikumbuka Basotu. Teknolojia ile ilikuja kwa matrekta, hii inakuja kwa bando la usiku, lakini zote mbili zinahitaji kuambiwa mahali zilipo.

Basi iambie. Mkulima akiuliza "nipande maharage gani?" atapewa jibu la popote duniani. Aandike hivi: niko Hanang, shamba ni ekari mbili, udongo ni mweusi na unatuamisha maji, mwaka jana nilipanda Lyamungo 90, majani yalipata madoa wakati wa maua, nina fedha ya mbolea ya kupandia tu, uwezekano ni upi na kila mmoja una hatari gani? Jibu litakalokuja litakuwa na sura ya shamba lake. Hata hivyo jibu hilo nalihesabu kuwa karatasi ya maswali ya kumpelekea afisa ugani wa kata, au watafiti wa TARI Selian pale Arusha ambao wamefanya kazi na maharage na ngano ya kanda hii kwa miaka mingi. Afisa ugani akija shambani akakuta mkulima ana maswali sita yaliyopangika, ziara ile ya nusu saa inazaa matunda zaidi.

Ipo pia programu iliyotengenezwa mahususi kwa wakulima wa huku. PlantVillage Nuru, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na taasisi ya utafiti ya IITA, ilianza na magonjwa ya mihogo, kisha ikaongezewa uwezo wa kutambua viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, wadudu walioingia Tanzania mwaka 2017. Unaelekeza kamera kwenye jani, nayo inakuambia inachokiona, hata mahali pasipo mtandao. Naipenda kwa sababu inaanza na jani la shamba lako.

Yako maswali ambayo simu isiulizwe kabisa. Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka baada ya mvua kubwa, na tope, mawe na magogo vilishuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Mtu anayejenga leo chini ya mlima ule akitaka kujua kama kiwanja chake ni salama, asitafute faraja kwenye programu ambayo haijui korongo lile linapita wapi. Kazi ya kuusoma mlima ni ya wanajiolojia wa serikali wanaofika na vipimo, na ya wazee wanaokumbuka maji yalipita wapi miaka ya nyuma. Jibu la kukisia katika jambo kama hilo ni la hatari, na sioni kwa nini tulizungumze kwa upole.

Vivyo hivyo hospitalini. Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyoanza mwaka 1955, inapokea wagonjwa wanaozungumza Kiiraqw, Kidatoga, Kihadza, Kinyiramba na lugha nyingine. Muuguzi popote pale asiyemwelewa bibi aliyelala mbele yake amtafute mtu wa lugha ile. Asitegemee tafsiri ya mashine katika lugha zenye maandishi machache kiasi hicho, na jina la mgonjwa na maradhi yake visiandikwe kamwe kwenye programu hizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023, inalinda taarifa za namna hiyo. Inamhusu pia mtendaji wa kijiji anayetaka programu imnyooshee muhtasari wa mkutano. Muhtasari unyooshwe, lakini majina na namba za NIDA za wananchi zitolewe kwanza.

Kina mama na vijana wanaoomba mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri nao wana mengi ya kufaidi hapa. Fungu hilo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na kikundi kinatakiwa kuwa na andiko la mradi. Wengi huenda kulipia andiko kwenye steshenari, wakapewa lililoandikiwa kikundi kingine na kubadilishwa jina. Wanapoitwa kueleza mradi wao, hawajui hesabu zilizomo. Kikundi cha wauza vitunguu swaumu kikikaa chini ya mti na simu moja, kikataja chenyewe bei ya mbegu, ujira wa vibarua, nauli ya lori, magunia yaliyooza msimu uliopita na bei ya sokoni ilipokuwa chini kabisa, programu itawapangia hesabu hizo katika andiko lenye mpangilio mzuri. Kisha waiombe iwe ofisa wa mikopo na iwahoji: bei ikishuka kwa nusu, mtarejesha vipi? Watabishana wao kwa wao mpaka wapate jibu. Watakapofika mbele ya kamati, kila mwanakikundi atazungumza, maana mradi ni wao na hesabu ni zao. Kijana anayejiandaa kwa usaili wa kazi ya umma afanye hivyohivyo, ajibu kwa sauti, siyo kwa kusoma.

Naziomba halmashauri zetu tatu, Mji wa Mbulu, Wilaya ya Mbulu na Hanang, zitenge angalau siku mbili kabla ya muhula kuanza, walimu wa kidato cha kwanza wafundishwe kutumia vishikwambi walivyonavyo kwa kazi hii ya kumvusha mtoto kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, na wafundishwe pia kukagua kila jibu. Wafundishaji si lazima watoke Dar es Salaam. Wako walimu vijana hapahapa wanaozijua programu hizi. Na wewe mzazi mwenye simu janja, usiingoje halmashauri. Mwite mwanao leo jioni, aje na kitabu chake cha Baiolojia, na muanze na aya moja.