Lishinde Gemu Lako la Jana

Kampuni yako imefilisika tena ndani ya Game Dev Tycoon? Usilifute gemu hilo, mdogo wangu. Nasema na wewe unayesoma CIVE pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na wewe wa mtaa wa Chang'ombe au Area C unayecheza kwenye laptopu ya kuazima. Kuanguka kwako kuna sababu, na sababu hiyo inasomeka.

Ndugu wawili, Patrick na Daniel Klug, walilitoa gemu hili mwaka 2012. Linakuweka peke yako gerejini, miaka ya 1980, mfukoni una vijisenti, kisha linakutaka uunde magemu yauzike. Wengi hufilisika kwa kutaka kila kitu kwa pamoja. Muda wa kuunda ni mmoja, unagawanywa kati ya sehemu za gemu. Gemu la mapambano hubebwa na injini, kwa hiyo hadithi usiipe saa nyingi. Gemu la kuvaa uhusika (RPG) ni kinyume chake: hadithi, mazungumzo na ulimwengu wake ndiyo roho. Mada nayo ina aina ya gemu inayoendana nayo. Jeshi hupatana na mkakati, mbio za magari hupatana na uigaji. Na usitoe mseto uleule wa mada na aina mara mbili mfululizo, utakatwa alama.

Sasa sikia jambo ambalo wengi hawalijui. Alama zako zinapimwa kwa kazi yako bora iliyotangulia. Ukipata tisa leo, kesho ukileta kazi ya kiwango kilekile utashangaa umeshuka, kumbe hukuharibu kitu, hukusonga mbele tu. Kwa hiyo panda hatua kwa hatua. Kila gemu likitoka, tengeneza ripoti yake kabla hujagusa jingine. Inakula muda, na wenye haraka huiruka, lakini ndiyo inayokuonyesha kipi kilifaa na kipi hakikufaa. Anayeiruka anabahatisha maisha yake yote. Milioni ya kwanza ya gemu ikiingia utaalikwa kuhamia ofisini: nenda, ila ajiri taratibu, maana mishahara haingojei mauzo.

Ukishayaweza hayo, mbona uishie kuigiza? Wesley Kirinya wa Kenya aliunda gemu la Adventures of Nyangi wakati watu wengi hapa kwetu hawakuamini kazi hiyo inaweza kufanywa na Mwafrika, na mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha kampuni ya magemu ya Leti Arts. Wewe una nini? Una michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, yenye wawindaji na wanyama wanaongoja kutembea kwenye kioo. Una ngoma ya muheme ya kina mama wa Kigogo, una zeze ambalo mwanamuziki Hukwe Zawose alilipeleka kwenye majukwaa ya dunia. Mada unayo, sauti unayo! Godot, injini ya kuundia magemu, ni ya bure, na laptopu ya kawaida inatosha kwa gemu dogo.

Basi anza na hatua moja tu: mwindaji mmoja, mwamba mmoja, swala mmoja. Gemu likichezeka, mpe mwenzako wa bwenini alicheze. Usimwelekeze, usimtetee mwindaji wako. Kaa pembeni na daftari, andika kila anapokwama, kisha usiku huohuo urekebishe pale alipokwama kwanza.