Akishi na Chumba cha Kupanga

Somo: 1 Samweli 21:10 – 22:4

Daudi anamkimbia Sauli, na kwa kukosa pa kwenda anaingia Gathi, mji wa Goliathi, kwa mfalme Akishi. Watumishi wanamtambua. Kwa hofu anajifanya mwendawazimu: anakwaruza milango ya lango, mate yanamtiririka ndevuni. Ujanja unafaulu, na sababu ya kufaulu kwake inauma. Akishi haulizi mtu huyu anaumwa nini wala ametoka wapi. Anawauliza watumishi kama amepungukiwa vichaa hata wamletee mwingine, na kama kweli mtu wa namna hiyo ataingia nyumbani mwake. Alipoonekana kichaa tu, Daudi hakustahili tena hata kuogopwa.

Swali la Akishi ni la nyumba, na bado linaulizwa. Nenda kwenye nyumba za kupanga za Dar es Salaam, vyumba vikitazamana kwenye korido moja, choo kimoja, mita ya LUKU moja. Mpangaji mwenye ulemavu wa akili analipa kodi kama wenzake, lakini akipita anaitwa chizi. Mchango wake wa umeme unapokelewa, kisha taa yake inakatwa. Akiacha sufuria jikoni anaikuta tupu. Vijana anaowazidi umri wanamtuma dukani kama mtoto, na akituma yeye chenji hairudi. Akizungumza peke yake usiku, simu zinatolewa arekodiwe. Akilalamika, ni neno lake moja dhidi ya korido nzima. Mwenye nyumba naye hataki kelele. Kodi ya miezi sita ikiisha anamwambia atafute pengine, na huko pengine sifa zake zimeshatangulia.

Daudi alipotoka Gathi alifuta ndevu zake akawa Daudi tena. Wenzetu hawana la kufuta. Tulikumbuke hilo kabla ya kumsifu kwa werevu. Hata hivyo Mungu hakuona haya mpakwa mafuta wake apitie dharau ile. Kichwa cha Zaburi ya 34 kinaiunganisha zaburi hiyo na siku aliyobadili mwenendo wake akafukuzwa, ingawa humo mfalme anaitwa Abimeleki. Ni zaburi ya maskini aliyeita akasikiwa, na ya Bwana aliye karibu na waliovunjika moyo.

Makanisani tunajua kumwombea mtu kama huyu. Tunamwekea mikono, tunafunga, na wapo wanaomwambia aache dawa (hilo ni hatari, na likome). Lakini ibada ikiisha hatumuulizi leo analala wapi, wala kama mlango wa chumba chake unafungika.

Kutoka Gathi Daudi anakwenda pango la Adulamu. Wanamfuata wenye dhiki, wenye madeni na wenye uchungu rohoni, watu wapata 400. Hatusomi popote kwamba aliwachuja. Kisha anafanya jambo ambalo mahubiri mengi hulipita. Yese, baba yake, alikuwa mzee tangu vita vya Goliathi, na maisha ya kukimbiakimbia si ya wazee. Daudi anafunga safari mpaka Mispa ya Moabu, anamwomba mfalme wa huko awakalishe wazazi wake hadi ajue Mungu atamtendea nini. Anakwenda mwenyewe kuwatafutia pa kukaa, kwa mwenye uwezo wa kukataa.

Kazi hiyo ipo hata sasa. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao katika ibara ya 19 unampa mtu haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani. Karatasi hiyo haifiki kwenye korido bila mtu wa kuipeleka. Mzee wa kanisa anaweza kuwepo siku ya kusaini mkataba na mwenye nyumba, aache namba yake ya simu, atunze nakala za risiti za kodi. Vitimbi vikianza, waende pamoja kwa mjumbe, na ikibidi ofisi ya serikali ya mtaa. Huko mpangaji aseme mwenyewe kwanza, amalize. Mzee aongeze pale tu atakapoombwa.