Hodi Isiyoitikiwa

Kwetu visiwani mtoto hufundishwa kupiga hodi kabla hajafundishwa kusoma. Hupiga mara tatu. Akiitikiwa huingia, asipoitikiwa hurudi zake, hata kama mlango u wazi na harufu ya maandazi inamwita. Ukimya wa mwenye nyumba hauhesabiwi kuwa ni ruhusa. Ada hii niliiona kuwa jambo dogo la malezi mpaka mwezi wa Mei wa mwaka mmoja, nilipojikuta katika bonde la Yosemite, California, ndani ya gari lenye vitanda, jiko na kabati la vyombo, nikiulizwa swali na mtoto wa miaka saba.

Mdogo wangu ameolewa Fresno, mji ulio chini ya milima hiyo. Nilipokwenda kumtazama, yeye na shemeji yangu walikodi gari la namna hiyo ili sote, pamoja na watoto wao wawili, tukalale mlimani siku tatu. Barabara hupanda kwa muda mrefu katika misunobari, kisha huingia katika handaki lenye giza. Ukitoka upande wa pili bonde lote hukufungukia kwa ghafla. Kushoto umesimama mwamba wa El Capitan, itale tupu, urefu wake kiasi cha mita 900 kutoka chini hadi juu. Kulia maji yanaanguka kama kanga iliyoanikwa upeponi. Tulisimamisha gari, na hakuna aliyesema neno.

Kiwanja cha kambi kina adabu zake. Kila kituo kina meza, mahali pa kuwashia moto, na kasha la chuma la kuwekea chakula, maana dubu akishaonja chakula cha binadamu huzoea kukifuata, na dubu aliyezoea mara nyingine huishia kuuawa. Hata sabuni na dawa ya meno hufungiwa humo. Katika miezi ya kiangazi mgeni haruhusiwi kulala bondeni zaidi ya siku 7. Nilicheka nilipoisoma kanuni hiyo, nikakumbuka kwamba wahenga wetu walikuwa wakali zaidi: siku ya tatu tu mgeni hupewa jembe. Ila jembe hutolewa na mwenyeji, na hapo ndipo mpwa wangu aliponishika.

“Mjomba,” aliniuliza usiku, tumeuzunguka moto, “hapa kwa nani? Tulimpigia nani hodi?”

Shemeji akamjibu kwamba hapa ni pa watu wote. Ni jibu jema, na kwa sheria ni kweli. Lakini mtoto hakutosheka, nami sikutosheka.

Bonde hilo lilikuwa na wenyewe. Waliliita Ahwahnee, na wao wakajulikana kwa jina hilo, Waahwahneechee. Mwezi wa Machi 1851, katika zama za kukimbilia dhahabu, kikosi cha wapiganaji wa kujitolea kutoka Mariposa kiliingia bondeni kuwatoa. Vijiji vilitiwa moto, na pamoja navyo maghala ya matunda ya mwaloni waliyokuwa wakiyasaga na kuyapika, yaani chakula chao cha mwaka. Mtoto mmoja wa chifu wao, Tenaya, alipigwa risasi akafa. Daktari wa kikosi, Lafayette Bunnell, ndiye aliyependekeza jina la Yosemite. Yeye mwenyewe ameandika baadaye kwamba walipofika kwenye ziwa moja la juu mlimani, alimwambia yule mzee kuwa wameliita kwa jina lake ili akumbukwe. Tenaya akajibu kuwa ziwa lile lina jina tayari. Linaitwa Pywiack, kwa ajili ya miamba inayong’ara.

Wapenzi wa ushairi, ambao mnajua uzito wa neno moja, tazameni jibu hilo. Mtu amenyang’anywa nchi, amefiwa na mwana, na anapopewa heshima anaikataa kwa kusahihisha jina. Ramani hata leo zinasema Tenaya.

Miaka 13 baadaye, mwaka 1864, Rais Lincoln alitia saini sheria ya kulihifadhi bonde kwa ajili ya umma. Mwaka 1890 milima iliyolizunguka ikawa hifadhi ya taifa. Kilichosifiwa na wageni ni uzuri usioguswa na mkono wa mtu. Kumbe mikono ilikuwapo. Wenyeji walikuwa wakiyachoma majani mara kwa mara, kwa moto mdogo wa makusudi, ili mialoni ipate jua na mbuga zisimezwe na misitu. Walipoondolewa na moto wao kupigwa marufuku, misunobari ikaanza kuzivamia mbuga zile. Wageni walikuwa wameingia katika bustani wakadhani ni pori.

Baadhi ya wenyeji walirudi, wakaishi humo kama vibarua. Mwaka 1953 ikakatwa kauli kwamba wabaki wenye ajira hifadhini tu na jamaa zao. Mwaka 1969 kijiji chao cha mwisho kikafutwa. Mkaazi wa mwisho akaondoka mwaka 1996. Mwaka 2018 wazao wao walipata mkataba wa miaka 30 wa kukijenga tena kijiji hicho kwa ajili ya ibada na mila zao. Na wao wamepewa muda.

Itasemwa kwamba pasipo hifadhi mambo yangekuwa mabaya zaidi, na sina ubishi. Bonde la jirani, Hetch Hetchy, liliruhusiwa kwa sheria ya mwaka 1913 kuzamishwa ili San Francisco ipate maji, ingawa nalo limo ndani ya hifadhi hiyo hiyo. Itasemwa pia kwamba mpwa wangu hakumfukuza mtu. Kweli. Lakini je, asiye na hatia hana deni?

Swali hili silioni kuwa la Wamarekani peke yao. Mama yangu alipewa vyumba viwili katika nyumba ya Mji Mkongwe iliyotwaliwa baada ya Mapinduzi ya 1964, nami nilizaliwa humo. Alasiri moja, nikiwa kijana, alikuja bibi mmoja kutoka Maskati, akapiga hodi kwa Kiunguja safi. Akasema amezaliwa katika chumba cha mbele. Mama alisimama na mwiko mkononi, kisha akamwambia, “Karibu kwenu, bibi.” Yule bibi akaenda moja kwa moja ukutani kutafuta msumari ambao mama yake alikuwa akitungikia taa. Ulikuwapo. Sisi tulikuwa tukitungika kifumbu. Akanywa kahawa, akaenda zake.

Hatukuhama, wala sisemi ilitupasa kuhama, tungekwenda wapi? Lakini tangu siku ile mama hakukiita tena chumba kile chumba chake. Alikiita chumba cha yule bibi, mpaka alipofariki.

Nilimsimulia mpwa wangu kisa hicho pale kwenye moto, na cha Tenaya. Asubuhi akataka twende ziwani akapige hodi. Barabara ya huko ilikuwa bado imefungwa kwa theluji, basi tukateremka kurudi Fresno. Njia nzima alikuwa nyuma ya gari, juu ya kitanda, akijifunza kulitamka lile jina, Pywiack, na kila mara akilikosea kama nilivyokuwa nikilikosea mimi.