Vifaa vya Kuzima Moto: Deni au Sadaka?

Mtu aliyekubali kukimbilia nyumba ya jirani inayoungua, usiku wa manane, bila mshahara wowote, je, yafaa aombe viatu vya kwendea huko? Swali hili laweza kuonekana dogo. Lakini huko Marekani, nchi ambayo wengi wetu huidhania kuwa haikosi kitu, ndilo linalowasumbua watu wa vijijini mwaka hata mwaka. Miji mikubwa ina askari wa zimamoto wanaolipwa na magari mapya. Vijijini sivyo. Katika wazima moto watatu wa nchi ile, karibu wawili ni watu wa kujitolea: mkulima, fundi wa magari, mwalimu, mwenye duka, ambao huacha shughuli zao king'ora kinapolia.

Desturi hiyo ni ya zamani. Mwaka 1736 Benjamin Franklin na wenzake walianzisha kikosi cha namna hiyo katika mji wa Philadelphia, na kila mwanachama alipaswa kuleta ndoo zake za ngozi na mifuko ya kuokolea mali. Siku zile ndoo ilitosha. Leo nyumba imejaa vitu vya plastiki, na moshi wake ni sumu. Aingiaye humo bila kifaa cha kupumulia hewa safi hatoki. Koti, suruali, viatu, kofia na glavu za mtu mmoja ni maelfu ya dola. Kifaa cha hewa ni maelfu mengine. Gari jipya la zimamoto laweza kupita nusu milioni. Kijiji chenye nyumba mia mbili kitazipata wapi fedha hizo? Huzitafuta kwa kuuza sahani za kuku wa kuchoma na tiketi za bahati nasibu, wake kwa waume wakipika na kupakua tangu asubuhi, na jioni wakihesabu senti mezani. Twawasifu kwa moyo wao. Lakini hatuoni ni kuku wangapi watakaonunua gari.

Ndipo ruzuku zinapotafutwa. Tangu mwaka 2001 Serikali Kuu ya Marekani imegawa mabilioni ya dola kwa vikosi vya zimamoto, vikubwa kwa vidogo. Idara ya Misitu nayo hupitisha malori na vifaa visivyotakiwa tena na jeshi, na wanakijiji huyafunga malori hayo matangi na pampu kwa mikono yao wenyewe. Haya ni mema, wala hatutaki kuyabeza. Hata sharti la kwamba kijiji chenye watu wasiozidi 20,000 kichangie asilimia 5 ya ruzuku kinayopewa twaliona kuwa la haki, kwa maana apokeaye kwa mkono mmoja na kutoa kwa mkono wa pili hukitunza alichopokea.

Linalotutatiza ni mlango wenyewe wa kuingilia. Fedha hizi hupatikana kwa kushindana, na silaha ya mashindano hayo ni kalamu. Yabidi kikosi kijiandikishe serikalini, kitoe hesabu zake, kieleze idadi ya miito ya moto iliyopokewa, kithibitishe hitaji lake, kisha kingoje waamuzi wapime maombi. Mji wenye karani hufanya kazi hiyo mchana, ofisini. Mkuu wa kikosi cha kijijini huifanya usiku baada ya kukamua ng'ombe, na mara nyingi hajapata kuandika maombi ya namna hiyo maishani mwake. Hivyo aweza kukosa, si kwa sababu hitaji lake ni dogo, bali kwa sababu maneno yake ni machache. Wenye kutunga sheria waliliona jambo hili kwa sehemu, wakaagiza kwamba robo ya fedha hizo isipungue kwa vikosi vya kujitolea. Sheria ilikata mafungu. Kuandika haikumfundisha mtu.

Tutaambiwa kwamba fedha za umma hazigawiwi kwa huruma, na kwamba asiyeweza kuandika hesabu hawezi kuaminiwa hesabu. Hoja hiyo ina uzito. Hata sisi hatungependa kuona gari la thamani likioza ghalani kwa kukosa dereva. Lakini kudai hesabu baada ya kutoa ni jambo moja, na kufanya ufasaha kuwa kipimo cha hitaji ni jambo jingine. Moto hauulizi nani aliandika vizuri.

Ili tuone mwisho wa njia hii ya kuufanya ulinzi kuwa bidhaa, na tutazame yaliyotokea katika kaunti ya Obion, jimbo la Tennessee, mwezi Septemba 2010. Kaunti hiyo haikuwa na kikosi chake. Watu waliokaa nje ya mji wa South Fulton waliweza kupata huduma ya kikosi cha mji kwa kulipa dola 75 kwa mwaka. Mtu mmoja hakulipa. Moto uliposhika kwake aliahidi kulipa gharama zote papo hapo, akakataliwa. Baadaye kikosi kilifika, kwa kuwa moto ulikuwa umeenea katika shamba la jirani aliyekuwa amelipa. Wakanyunyiza maji shambani, na nyumba ikateketea mbele ya macho yao, na mbwa na paka waliokuwamo. Desemba 2011 nyumba nyingine iliachwa hivyo hivyo.

Wenye kuutetea uamuzi ule walisema kwamba kama mtu aweza kulipa siku ya moto, hakuna atakayelipa kabla ya moto. Ni kweli tupu. Lakini ukweli huo wathibitisha tu kwamba malipo haya hayakupaswa kuachiwa hiari ya mtu. Barabara haijengwi kwa hiari; kila mtu huilipia katika kodi, msahaulifu na mwangalifu pamoja. Waliosimama na mipira ya maji mikononi siku ile hawakuitunga kanuni ile, nasi hatuwahukumu. Kosa lilikuwa la wale waliokaa barazani miaka yote na kuuona moto kuwa ni shauri la mwenye nyumba.

Hatuna budi pia kusema neno juu ya makoti makuukuu. Kanuni za NFPA, chama kinachoweka kanuni za kazi hii, zataka koti la mzima moto liondolewe kazini likitimiza miaka 10 tangu kushonwa. Mji ukilivua koti la mwaka wa kumi na kulipeleka kijijini kama zawadi, wasema nini juu ya mwili wa mwanakijiji? Kwamba huungua polepole zaidi? Likipelekwa katika mwaka wa sita, lingali na nguvu, hiyo ni zawadi kweli.

Na mji uwezao kupeleka koti waweza pia kumpeleka karani wake, siku mbili tu kwa mwaka, akae na mkuu wa kikosi jirani wajaze karatasi pamoja. Gharama yake ni petroli. Huko Texas wamekwenda mbele zaidi: sheria ya mwaka 2001 iliweka mfuko wa kuvisaidia vikosi vya kujitolea vya vijijini, na fedha zake hudaiwa kwa makampuni ya bima, ambayo kila nyumba isiyoungua ni faida kwao. Maombi huko yamekuwa mengi kuliko fedha, na vikosi vimengoja zamu zao. Lakini angalau mdaiwa ameonekana, naye analipa.