Hodi Kwenye Nyayo za Mtu

Mtu akitoka Newala alfajiri, akapitia Masasi hadi hospitali ya Ndanda, akarudi jioni, na mwezi unaofuata akafanya vilevile, huenda hajamwambia yeyote. Minara ya simu, hata hivyo, imemwandika njia nzima. Tunaambiwa kumbukumbu hizo zikiondolewa jina na namba, mwenyewe yuko salama. Sikubali, kwa sababu njia ya mtu ni jina lake la pili. Mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za simu za watu milioni 1.5 katika miezi 15: nukta nne tu za mahali na wakati zilitosha kumpambanua mtu mmoja kati ya wote, kwa asilimia 95 yao. Atakayesema kwamba huku uwandani minara imeachana mbali, hivyo picha haitakuwa kali, akumbuke kuwa wanaofunga safari ya namna hiyo kutoka kijiji kimoja nao ni wachache.

Wapo pia wasemao kijijini hakuna siri, basi tunalinda nini? Hoja hii ina uzito, lakini inachanganya mambo mawili. Jirani aliyekuona njiani nawe umemwona. Akikuzushia, wazee watamwita ajibu. Anayesoma minara humwoni, na hasahau. Tena jamii inayotunza jando na unyago haihitaji kufundishwa kwamba kuna ujuzi wenye wenyewe na wakati wake. Kurani inakataza kuingia nyumba ya watu bila idhini, na inakataza kupelelezana. Wala hodi haibishwi kwa mwovu peke yake. Hubishwa hata kwa mtu mwema asiye na la kuficha, kwa kuwa nyumba ni yake.

Pingamizi zito zaidi ni la uhai. Utafiti wa Kenya wa mwaka 2012, uliotumia simu karibu milioni 15, ulionyesha jinsi wasafiri wanavyobeba vimelea vya malaria kutoka Ziwa Victoria hadi Nairobi. Faida hiyo sitaki ipotee. Ila watafiti walihitaji kujua wangapi wametoka wapi kwenda wapi, si nani. Sheria yetu ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imefungua mlango wa kudai hivyo: hesabu ifanyike ndani ya kampuni ya simu, zitoke jumla tu. Na kata ikiwa na wasafiri watatu tu wa kwenda Ndanda, tarakimu hiyo isitoke peke yake. Iunganishwe na ya kata jirani, hata kama ramani itapungua ukali.